Picha inakata saa sita na nusu: kisa cha dishi la Nkuhungu

Mgahawa wenyewe uko Nkuhungu, jijini Dodoma, na mchana una wateja wa uhakika: bodaboda, mafundi ujenzi, wauza maduka wa jirani. Televisheni imetundikwa juu ya kaunta na ni sehemu ya biashara, maana mteja akishaletewa wali maharage anataka na habari za mchana. Katikati ya Septemba mwaka jana picha ilianza kukata. Kwanza inaganda, halafu inavunjika vipandevipande vya mraba, halafu kioo kinakuwa cheusi na maandishi ya kwamba hakuna mawimbi. Dakika chache baadaye kila kitu kinarudi. Kesho yake ikakata tena, muda uleule, kwa kitambo kirefu zaidi. Keshokutwa vilevile.

Septemba Dodoma ni kiangazi, anga jeupe tangu asubuhi. Hakukuwa na mvua ya kusingizia.

Fundi aliyeitwa ni kijana anayeijua kazi yake. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaani kisa hiki kimesimuliwa kama kisa cha fundi kanjanja, na si kweli. Alipofika siku ya kwanza, alasiri, alipima mawimbi akakuta yako juu, akakagua waya, akashuku kichwa cha dishi, kile kifaa kinachokaa kwenye mkono mbele ya sahani. Akabadilisha. Picha ikawa safi, akalipwa, akaondoka. Siku iliyofuata ikakata. Akarudi, akabadilisha waya wote kutoka juu ya bati mpaka nyuma ya televisheni. Picha safi, akaondoka. Ikakata. Safari nyingine akaja na king'amuzi chake mwenyewe cha majaribio, akakiacha hapo usiku kucha. Nacho kikakata mchana wake.

"Mwanangu, umebadilisha kila kitu umebakiza ukuta," mama mwenye mgahawa alimwambia mbele ya wateja. "Hela yangu naiona inakwenda tu."

"Mama, sijakuibia hata senti. Tatizo haliko hapa chini. Setilaiti imehama."

Mimi nafundisha fizikia sekondari na ni mteja wa mgahawa huo. Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyonifanya niache kula nikasogea kaunta. Fundi alikuwa amefika mahali ambapo vipimo vyake vyote vimekwisha, akabaki na maelezo mawili yasiyokaa pamoja: vifaa ni vizima, na picha inakata. Akautazama mbingu, na huko ndiko kulikokuwa na jibu, ingawa si lile alilolitaja.

Ushahidi bora haukutoka kwa fundi wala kwa mama. Ulitoka kwa mwanawe anayekaa kaunta. Huduma kwa wateja wa kampuni ya king'amuzi walimwambia awatumie video ya tatizo, na kila picha ilipokata alirekodi kwa simu. Simu huandika saa kwenye kila faili. Tulipozipanga video zile kwa mfuatano, mambo mawili yalijitokeza wazi. La kwanza, urefu wa kukatika uliongezeka siku hadi siku, kutoka dakika mbili tatu mpaka karibu nane. La pili, ambalo ndilo zito, katikati ya kila kukatika ilikuwa palepale: saa 6:30 mchana, au dakika moja kabla. Siku ya dakika tatu na siku ya dakika nane, zote zina kitovu kimoja.

Ukiyaweka haya mezani, watuhumiwa wanaanza kuondoka wenyewe.

Jirani ana karakana ya kuchomelea mageti, na wateja wengi waliinyooshea kidole. Lakini mtu wa kuchomelea hafanyi kazi kwa kitovu. Anaanza mzigo unapofika. Joto lilikuwa hoja nzuri zaidi, na fundi aliitetea kwa nguvu: kichwa cha dishi kikichomwa na jua huweza kusumbua. Ila joto la mchana Dodoma halifikii kilele saa sita na nusu. Kilele chake ni saa nane kwenda saa tisa, na bati ya mgahawa ule saa nane haishikiki kwa mkono. Kichwa kilichozidiwa na joto saa 6:30 hakiwezi kupona saa 6:35 huku bati linazidi kuwaka.

Jambo la kuumiza zaidi katika kisa hiki ni jinsi kila tiba ilivyoonekana kufaulu. Fundi anapigiwa simu picha ikiwa imekata, anamaliza kazi nyingine, anafika saa nane. Wakati huo picha imesharudi yenyewe. Anabadilisha kifaa, anawasha, picha ipo, kila mtu anaridhika. Majaribio yote yalifanyika nje ya muda wa ugonjwa. Kichwa cha zamani kilichovuliwa kiko hivi sasa kwenye nyumba nyingine Chang'ombe na kinafanya kazi bila kasoro.

Na jirani mwingine, kinyozi, alimkoroga mama kabisa. Dishi lake lilikuwa halikati saa sita na nusu. "Kwangu safi," alisema, na kuanzia hapo mama akawa na hakika kwamba ubovu uko kwake peke yake. Kinyozi huyu nitamrudia.

Sasa tuichukue hoja ya fundi kwa uzito inaostahili. Je, setilaiti inaweza kuhama?

Darasani kila mwaka nasikia sentensi ileile: angani hakuna kani ya mvutano, ndiyo maana setilaiti haidondoki. Fundi naye aliamini hivyo, na kwa imani hiyo ni haki kabisa kudhani kwamba kitu kisichoshikwa na chochote kinaweza kupeperuka siku yoyote. Ukweli ni kinyume. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka kilomita 400 hivi juu yetu, kinavutwa na Dunia kwa karibu asilimia 90 ya mvutano tunaoupata hapa chini. Setilaiti za televisheni ziko mbali zaidi, kilomita 35,786 juu ya ikweta, na hata huko mvutano haujakwisha. Umepungua kufikia sehemu moja ya 44. Chombo cha tani moja pale juu kinavutwa kwa kani ileile inayovuta kilo 23 hapa Nkuhungu. Si kidogo. Kingekuwa kimetulia tu, kingeanza kushuka palepale.

Hakishuki kwa sababu kinakimbia. Isaac Newton alilieleza hili karne ya 17 kwa kuwaza mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu mno, ukirusha risasi mlalo. Kitu chochote kinachoachiwa karibu na ardhi huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Na kwa kuwa Dunia ni mviringo, ukienda kilomita 7.9 mbele uso wake unakuwa umejipinda chini kwa mita hizohizo 4.9. Basi risasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde, kama hakuna hewa ya kuizuia, itaanguka na kuanguka bila kuikaribia ardhi. Huko ndiko kuwa kwenye obiti. Kwa setilaiti ya televisheni hesabu ni hiyohiyo na namba ni nyingine: kila sekunde inasonga mbele kilomita 3.07 na inaanguka kuelekea Dunia sentimita 11. Sentimita 11 ni upana wa kiganja. Niliionyesha kwa mkono pale kaunta, na fundi akainyamazia kwa muda.

Kwa nini kilomita 35,786 na si nyingine? Jibu mtu anaweza kulipata kwa kikokotoo cha simu, akitumia Mwezi. Johannes Kepler alitangaza mwaka 1619 kwamba mraba wa muda wa mzunguko unakwenda sambamba na kyubu ya umbali, yaani umbali mara umbali mara umbali. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kitovu cha Dunia na unazunguka kwa siku 27.3. Tunataka kitu kinachozunguka kwa siku moja, ili kiende sambamba na Dunia na kionekane kimesimama. Chukua 27.3 mara 27.3, unapata 745. Kipeuo cha tatu cha 745 ni 9.07. Gawanya 384,400 kwa 9.07: kilomita 42,400 hivi kutoka kitovu cha Dunia. Namba inayotumika kwa kweli ni 42,164, maana siku inayohusika ni ya saa 23 na dakika 56, na Mwezi wenyewe una uzito wake usiopuuzika. Ondoa nusu kipenyo cha Dunia, kilomita 6,378, unabaki na 35,786. Mwezi na dishi la mgahawa vinatii kanuni moja, na sioni kitu kizuri zaidi cha kumwonyesha mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Kuna jambo la pili ambalo fundi hakuwahi kuambiwa na linamhusu kila siku. Mvutano wa Dunia unaelekea kitovu chake, kwa hiyo bapa la obiti yoyote ni lazima lipite kwenye kitovu hicho. Matokeo yake hakuna setilaiti inayoweza kusimama juu ya Dodoma. Ikipita juu ya Dodoma itavuka ikweta kwenda kaskazini na kurudi. Pekee inayoonekana imetulia ni ile iliyo juu ya ikweta yenyewe. Ndiyo sababu madishi ya Dodoma, iliyo nyuzi 6 na kitu kusini, hayana budi kuinamia kaskazini. Dishi la mgahawa linalenga setilaiti ya nyuzi 36 mashariki. Longitudo ya Dodoma ni 35.7, kwa hiyo ukifuata mstari wa moja kwa moja kaskazini, kama kilomita 680, unafika karibu na Mogotio nchini Kenya, ambako ikweta inapita, na setilaiti iko juu ya eneo hilo. Kutoka Nkuhungu inaonekana nyuzi 83 juu ya upeo, karibu utosini. Jicho linadanganywa kwa sababu sahani za siku hizi zimetengenezwa zipokee kwa ubavu, hivyo huonekana zimeinama kuliko zinakotazama kwa kweli.

Wazo la kutumia obiti hii kwa mawasiliano lilitangazwa na Arthur C. Clarke mwaka 1945, na Syncom 3, ya mwaka 1964, ndiyo ya kwanza kusimama kweli juu ya ikweta.

Je, inahama? Ndiyo, kidogo, na fundi hakuwa mbali sana. Jua na Mwezi nao wanaivuta, na kila mwaka wanataka kuinamisha obiti yake kwa karibu nyuzi moja. Ikweta yenyewe si duara kamili, na kasoro hiyo huisukuma setilaiti ya nyuzi 36 ielekee taratibu kwenye nyuzi 75 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Waendeshaji wake huirudisha kwa injini ndogo, na mafuta ya injini hizo ndiyo yanayopima umri wake. Yakikaribia kwisha, chombo husogezwa mamia ya kilomita juu zaidi kuachia wengine nafasi. Wakati wa uhai wake huzungushwa ndani ya kijisanduku cha takribani nyuzi 0.1 kila upande, yaani kilomita 70 na kitu. Dishi la sentimita 80 au 90 linaona eneo la nyuzi mbili hivi. Mchezo wote wa setilaiti uko ndani ya jicho la dishi. Na setilaiti iliyohama kweli ingewakatia watazamaji wa nchi nyingi kwa mpigo, wala isingerudi baada ya dakika nane.

Kwa hiyo setilaiti ilikuwa mahali pake. Kilichoingia kati ya dishi na ubora wa picha ni Jua, ambalo lilipita nyuma ya setilaiti.

Mara mbili kwa mwaka, karibu na 20 Machi na 22 au 23 Septemba, Jua huvuka ikweta ya mbingu, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, na katika siku hizo njia yake ya mchana inakatiza palepale setilaiti zilipojipanga. Jua linatoa mawimbi ya redio ya kila namna, yakiwemo yale ambayo dishi limetengenezwa kuyapokea. Setilaiti inatuma kila mkondo kwa nguvu ya wati mia moja na kitu, kutoka umbali wa kilomita 36,000. Dishi likitazama vyote viwili kwa pamoja ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona mlangoni mwa mashine ya kusaga. King'amuzi hakijaharibika, kinashindwa tu kuchambua sauti. Jua linapita nyuzi moja kila dakika nne, basi baada ya dakika chache limetoka kwenye jicho la dishi na picha inarudi.

Tarehe zinaeleweka pia. Sisi tuko kusini ya ikweta, na kwa macho yetu setilaiti inaonekana imesogea kaskazini kama nyuzi 1.1 kutoka kwenye ikweta ya mbingu. Jua huwa kwenye nyuzi hiyo siku tatu hivi kabla ya kuvuka Septemba, na siku tatu hivi baada ya kuvuka Machi. Kwa Dodoma vilele viko karibu na 20 Septemba na 23 Machi, na siku chache kila upande. Cairo mambo yamegeuka: kwao ni kabla ya Machi 20 na baada ya Septemba 23.

Na saa? Wengi waliuliza kwa nini isiwe saa sita kamili ikiwa Jua liko utosini. Saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na Dodoma iko magharibi yake kwa zaidi ya nyuzi tisa, hivyo Jua letu linachelewa dakika 37. Juu ya hapo Dunia haizunguki Jua kwa mwendo mmoja. Obiti yake ni duaradufu, kama Kepler alivyoonyesha mwaka 1609: Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua na tunakimbia kilomita 30.3 kwa sekunde, Julai tuko milioni 152 na mwendo umeshuka hadi 29.3. Hilo, pamoja na mwinamo wa mhimili wa Dunia, hufanya Jua liwahi dakika sita au saba katika Septemba na lichelewe dakika saba katika Machi. Ondoa saba kwenye 37: saa 6:30. Video za simu zilisema hivyohivyo.

Kinyozi sasa. Dishi lake ni la kampuni nyingine na limeelekezwa nyuzi 7 mashariki, chini upande wa magharibi. Jua haliwezi kuwa nyuma ya setilaiti hiyo saa 6:30. Linafika huko karibu saa 8:44. Nilimwomba aitazame televisheni yake muda huo. Ilikata, kwa dakika kadhaa, mbele yake na mbele ya mteja aliyekuwa na mapovu ya sabuni kidevuni. Ilikuwa ikikata kila siku wiki hiyo, ila saa nane na nusu anaweka muziki wa kwenye flashi na hakuwa ameiona.

Kabla ya Jua kuondoka kabisa nilipanda ngazi na fundi, saa 6:25, kijana wa kaunta akiwa chini na simu. Ngazi ilikuwa ya mbao na bati likituchoma viganja. Mkono wa dishi ulitupa kivuli chake kwenye ukingo wa chini wa sahani, na kadiri dakika zilivyokwenda mwanga unaorushwa na sahani ulijikusanya ukawa doa jeupe. Doa likatambaa kwenye plastiki ya kichwa, likatulia katikati yake usoni. "Imekata!" kijana alipiga kelele kutoka chini. Fundi aliweka kidole kwenye lile doa, akakitoa haraka kwa moto wake. Hatukulitazama Jua lenyewe, na asifanye hivyo mtu yeyote, doa linatosha.

Mama alikuwa ameshatenga hela ya king'amuzi kipya. Nilimwomba angoje siku tatu. Kukatika kukafupika, kukawa dakika mbili, kukaisha. Yeye na fundi walikaa wakaelewana: kichwa kipya na waya mpya vibaki, na fundi atamhudumia safari inayofuata bila kudai ufundi.

Kalenda ya ukutani iliandikwa kwa kalamu nyekundu: 20 hadi 26 Machi, saa 6:43 mchana. Machi mwaka huu ilipofika Dodoma bado ilikuwa na mvua za mwisho wa msimu, na tarehe 23 ilikuwa na wingu zito, Jua halionekani hata kidogo. Wateja wawili walisema mwalimu leo ameshindwa. Saa 6:39 picha ilianza kuvunjika, saa 6:47 ikarudi. Wingu huzuia mwanga. Mawimbi haya hupenya.

Fundi sasa anaitumia siku yenyewe. Wiki hizo za Machi na Septemba huenda vijiji vya Chamwino na Bahi, ambako kipimo chake cha mawimbi kikiishiwa betri hakuna pa kuchaji, na anaposimika dishi jipya husubiri dakika iliyoandikwa kwenye daftari lake, akaligeuza taratibu mpaka doa la mwanga likae katikati ya kichwa, ndipo anakaza nati. Ameniomba nimhesabie saa za Singida na Manyoni, kwa kuwa ziko magharibi zaidi na dakika zake haziwezi kuwa sawa na za Dodoma.